Maswali yenu: Tunaenda kukesha na nyota Pangani, tubebe nini?

Toka nilipotaja kwenye toleo lililopita kwamba sisi wapenzi wa nyota wa Tanga tunaenda kupiga kambi ufukweni upande wa Pangani, Ijumaa tarehe 11 mpaka Jumapili tarehe 13 Septemba 2026, maswali yamemiminika na mengi ni mazuri kweli, kwa hiyo ukurasa wa leo wote ni hayo tu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini mmechagua wikiendi hiyo? Si bora mngesubiri mwisho wa mwezi watu wakiwa na mshahara, tena kunakuwa na mbalamwezi, ufukwe unapendeza. (Msomaji, Makorora)

Jibu: Marahaba mwanangu. Mbalamwezi ndo hasa tunayoikimbia. Mwezi mpevu wa Septemba unaangukia Jumamosi tarehe 26, na usiku wa mwezi mpevu anga lote linakuwa jeupe, zinabaki zile nyota kubwa kubwa tu na ule ukanda mweupe unaopita katikati ya mbingu huuoni kabisa hata uwe umbali gani na taa za mjini. Tarehe 11 ni kinyume chake, mwezi unakuwa umekutana na jua asubuhi ile ile ya Ijumaa kwa hiyo usiku wake hamna mwezi, na Jumamosi jioni utauona ukiandama, mwembamba kama ukucha, halafu unazama mapema unatuachia giza letu. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, giza la kweli linaingia kwenye saa moja na nusu, na hapo kama umeshakula na hema lako limesimama unakuwa umepanga vizuri.

Na Septemba yenyewe ni mwezi mzuri, masika imepita, vuli bado, kusi linaanza kupoa. Ikifika saa mbili usiku ule ukanda mweupe, wengine wanauita Njia Nyeupe, unakuwa umepita karibu na utosi, na sehemu yake nono kuliko zote ndo iko juu juu yetu, huko ndo kwenye kitovu cha kundi letu kubwa la nyota, yani galaksi yetu, mwanga wake umesafiri miaka 26,000 hivi kutufikia. Watu wa Ulaya wanaiona hiyo sehemu imelala chini kwenye upeo wa macho ndani ya ukungu na moshi, sisi tunaiona kwa kuinua shingo tu. Mimi hili jambo linanigusa sana, kwamba tuna anga zuri namna hii na wengi wetu hatujawahi kulala nje tukalitazama.

Magharibi jua likishazama tu mtaiona sayari ya Zuhura inang'aa kama taa ya gari, na kwenye darubini hata ndogo utashangaa kuikuta siyo duara, ina umbo la mwezi mchanga. Pembeni yake kusini magharibi yupo Nge, nyota zilizojipanga kama nge, na mkia wake uliokunjwa na moyo wake mwekundu, huyo hata mtoto wa darasa la kwanza akionyeshwa mara moja hamsahau. Sayari ya Zohali inachomoza mashariki, ikifika saa nne imeshapanda vya kutosha, na pete zake utaziona kwa darubini inayokuza mara 25 na kuendelea ila msitegemee zile pete pana za kwenye picha, mwezi Machi 2025 zilitugeuzia ubavu kabisa zikawa kama uzi na sasa ndo zinaanza kufunguka tena polepole. Msalaba wa Kusini uwahini mapema, saa moja jioni uko chini kabisa kusini na saa mbili ushazama.

Swali: Kaka, sisi vijana wa Ngamiani tupo sita tumepata wazo la kukodi boti tukalale kisiwa cha Maziwe, kule hakuna taa hata moja. Unaonaje?

Jibu: Wadogo zangu, wazo la giza ni zuri lakini msiende kulala kule, nawaomba. Maziwe zamani ilikuwa na miti, sasa hivi ni fungu la mchanga mtupu, na maji yakijaa sana linafunikwa. Halafu ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, kuna taratibu zake na viingilio, watu huenda mchana maji yakiwa yametoka na kurudi. Sasa sikilizeni vizuri hapa maana ndo jambo muhimu kuliko yote kwenye safari hii, na linawahusu hata mtakaolala nchi kavu.

Usiku usio na mwezi tunaoutafuta sisi watu wa nyota ndo usiku wa bamvua. Mwezi na jua vinakuwa kwenye mstari mmoja, vinavuta maji kwa pamoja, kwa hiyo maji yanatoka mbali sana na yanajaa juu sana, na pwani yetu hii tofauti kati ya kupwa na kujaa kwenye bamvua inapita mita 3. Septemba na Machi ndo bamvua zinakuwa kubwa zaidi kuliko miezi mingine. Na saa zake wavuvi wote wanazijua, bamvua linapwa kwenye saa nne na linajaa kwenye saa kumi, mchana na usiku, siku ya pili yake linachelewa kidogo. Yani mnafika jioni maji ndo yanaanza kurudi nyuma, saa nne usiku mnakuta ufukwe mpana ajabu, mchanga umenyooka, mnasema hapa ndo penyewe mnahamisha mkeka na darubini mpaka kule chini, mnatazama weee mpaka usingizi unawapitia, halafu kati ya saa kumi na kumi na moja alfajiri bahari inarudi ilipo kawaida yake na nyie mpo njiani. Mwaka mmoja ilitupata, tulikuwa watu wanne na hema mbili, nilishtuka maji yapo kwenye godoro, tukaokoa darubini lakini ramani zetu za nyota na begi la nguo vililowa vyote na simu ya mwenzangu haikuwaka tena. Ingekuwa Maziwe tungekuwa hatuna pa kukimbilia.

Kwa hiyo mkifika kabla jua halijazama tafuteni ule mstari wa mwani mkavu na vifuu na takataka ambazo maji yameziacha, hema inakaa juu ya mstari huo tena mbali nao, kwenye majani, na muulizeni mvuvi yeyote mtakayemkuta pale maana yeye anajua maji yanapofika kuliko apu yoyote. Kutazama tazameni popote, hata chini kwenye mchanga, ila darubini irudi juu kabla ya saa nane. Na msipige hema chini ya mnazi, nazi ikidondoka usiku haina salamu.

Swali: Kwenye ratiba mmeandika "tochi nyeupe marufuku". Mbona mkali hivyo? (Dada wa Muheza)

Jibu: Dada, jicho linahitaji nusu saa nzima kuzoea giza, dakika 20 mpaka 30, na mtu mmoja akiwasha tochi ya simu anatafuta kandambili zake sekunde mbili tu watu kumi na tano wanaanza upya. Mwanga mwekundu hauliharibu jicho kiasi hicho. Chukua tochi yako ya kawaida, funga karatasi ya nailoni nyekundu au kitambaa chekundu mara mbili mbili kwa raba bendi, imetosha. Simu ipunguze mwanga mpaka mwisho, na kama una apu ya nyota kama Stellarium ina sehemu ya kuigeuza skrini iwe nyekundu, iwashe kabla hujatoka nyumbani. Wenye magari waegeshe mapema mbali na kambi, taa za ndani wazizime zisiwake mlango ukifunguliwa. Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui, fukwe za Pangani kasa wanakuja kutaga, na vitoto vyao vikitoka kwenye mchanga usiku vinafuata mwanga, vikiona tochi nyeupe vinaenda nchi kavu badala ya baharini na huko ni kufa tu. Kwa hiyo tukizima taa tunawasaidia na wao.

Swali: Mwalimu nimenunua darubini ya mtumba ina kioo cha milimita 114 na miguu mitatu na vyuma vya kuzungusha, maelekezo yake yanasema nianze kwa kuielekeza kwenye nyota ya kaskazini. Nimehangaika wiki mbili siioni hiyo nyota. Naogopa kuja kuaibika mbele ya watu. (Kijana, Chumbageni)

Jibu: Huna kosa lolote mdogo wangu, nyota yenyewe haionekani kwetu. Tanga ipo kama nyuzi 5 kusini ya ikweta kwa hiyo ile nyota ya ncha ya kaskazini iko chini ya upeo wa macho yetu, ungehangaika hata mwaka. Hayo maelekezo yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Uingereza au Marekani. Vyuma vya namna hiyo huku kwetu vinasumbua hata waliozoea, kwa sababu mhimili wake inabidi ulale karibu usawa wa ardhi na vingine vinagonga mguu wa stendi kabla hujafika hizo nyuzi 5. Ushauri wangu, usijali kuiseti kitaalamu, elekeza ule mhimili kusini kwa dira, ulaze kadiri unavyokubali, kisha sukuma darubini kwa mkono polepole ukifuata nyota. Anza na lenzi ya kukuza kidogo, yani ile yenye namba kubwa, 25 au 20, watu wanakimbilia namba ndogo wanaona giza tupu. Baadaye ukipata fundi seremala akutengenezee kitako cha mbao cha kuzunguka, kile wanachokiita cha Dobson, utaipenda darubini yako upya. Milimita 114 inaonyesha pete za Zohali na makundi ya nyota mengi tu, njoo nayo, tutakaa wote.

Ambao hamna darubini msinunue kwa ajili ya safari hii. Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 inatosha, namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na mkilala chali kwenye mkeka mkaegemeza viwiko mtaona vitu ambavyo darubini kubwa haivioni kwa upana ule. Bahari ina chumvi na usiku kuna umande mzito, vioo vikilowa msifute kwa kanga wala shati, acheni vikauke vyenyewe, vikiisha kazi vifunikeni, na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu mnavyovikuta kwenye boksi za viatu msivitupe, viwekeni kwenye begi la darubini. Mkono uliopaka dawa ya mbu usiguse lenzi, ile dawa inachafua kioo na inaharibu plastiki.

Swali: Mimi ni mama, binti yangu wa miaka 19 anataka kuja. Usalama ukoje? (Raskazone)

Jibu: Shikamoo mama. Kijiji tunacholala mwenyekiti wake tunampa taarifa na majina ya wote mapema, kuna mlinzi wa kwao tunamlipa, hema za kina dada zinakaa pamoja na wapo kina mama watatu wa kundi letu wanakuja. Apewe chandarua, sweta maana alfajiri kuna baridi ya umande, kikoi, maji ya kunywa ya kutosha na chochote cha kula kisichohitaji moto usiku. Kama una wasiwasi mama njoo naye, nafasi ipo.

Swali: Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, anataja Kilimia na Suheli na Jaa. Je nyota hizo zipo kweli au ni majina ya zamani tu, na tutaziona? (Mjukuu, Tongoni)

Jibu: Zipo, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Jaa ndo ile ile nyota ya kaskazini kijana wa Chumbageni anayoitafuta, manahodha waliokwenda Uarabuni na kusi waliiona inachomoza juu ya maji kadiri wanavyopanda kaskazini, na jina lake likawa jina la upande wenyewe. Hiyo hatutaiona. Kilimia ni kile kikundi kidogo cha nyota zilizobanana, kwa macho unahesabu sita au saba, na ndo walichotumia wazee kujua msimu wa kulima, si umesikia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, maana kwetu kinapotea jioni za Mei masika ikinyesha halafu Juni kinaonekana tena alfajiri kiangazi. Septemba kitachomoza kaskazini mashariki kwenye saa tano usiku. Suheli ni nyota ya pili kwa mng'ao kati ya zote za usiku, nayo imeupa upande wa kusini jina lake, inatoka kwenye saa saba na ikifika saa kumi imesimama vizuri kusini mashariki juu ya bahari, na ukitupa jicho kulia kwake utaona vijiwingu viwili vyeupe visivyosogea na upepo, hivyo ni galaksi nyingine nje ya yetu, na sayari ya Mshtarii nayo inachomoza mashariki muda ule ule.

Saa kumi hiyo hiyo bahari itakuwa imejaa, maji yapo karibu na sisi tuko juu kwenye majani. Babu kama miguu inamruhusu mlete, atuonyeshe mwenyewe walivyokuwa wanaitumia Suheli kushika njia, kiti cha kukunja nitamwekea mimi.