Re: Mama amebadilishiwa goti, alale tu?

Dada, pole na kuuguza. Unauliza kama mama, siku ya sita toka abadilishiwe goti, alale tu mpaka uvimbe uishe. Hapana. Mimi nilibadilishiwa la kuume, na lilibaki limevimba na lenye joto kwa wiki nyingi. Ukingoja, litakakamaa.

Huo mto chini ya goti utoe leo. Najua unampa raha, hata mimi niligombana na binti yangu juu yake. Lakini goti likizoea kukunjika, kulinyoosha baadaye ni kilio. Mto ukae chini ya kisigino, goti libaki hewani. Barafu ifungwe katika kitambaa, dakika 15 hadi 20. Dawa ya maumivu anywe mapema kabla ya mazoezi ya kine (yaani ya kunyoosha viungo), si wakati ameshaanza kulia.

Umesema nyumba yenu ya Kadutu ina ngazi. Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa vitangulie. Choo cha kuchuchumaa asahau kwanza: seremala akate tundu kwenye kiti kirefu, ndoo chini. Na wageni wa pole wasimkalishe kwenye kochi la chini, hatainuka!

Dawa ya kuzuia damu kuganda msiikatize. Shavu la mguu likivimba na kuuma, akikosa pumzi ghafla, akipata homa, au kidonda kikitoa usaha, msingoje asubuhi. Hospitali usiku huohuo.