Maswali ya Wasomaji: Koti la Lubugo Lililochanika Begani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Masaka. Mteja aliniletea lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, nzuri ya rangi ya udongo mwekundu, akataka koti la kuvaa kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya dada yake. Nilikata na kushona kama nishonavyo pamba, lakini alipolijaribu na kunyoosha mikono mbele, mgongo ukachanika kuanzia kwenye mshono wa bega. Je, kosa ni la kitambaa au ni langu? Tena, nikitia bitana, sitakuwa nimeiharibu asili yake?

JIBU: Ndugu fundi, pole kwa hasara hiyo. Kosa si la kitambaa. Lubugo haikufumwa: ni gome la ndani la mti wa mutuba, lililobanduliwa msimu wa mvua na kupondwa kwa nyundo za mbao hadi likatanuka na kulainika, kwa hiyo haina nyuzi za kukingamana zinazoshikana kama za pamba. Nyuzi zake nyingi hufuata urefu wa shina. Ishike kwenye mwanga utaziona, kisha vuta kipande cha pembeni taratibu kwa upana: kitanyumbuka kidogo, halafu kitapasuka kwa kufuata nyuzi, kama jani la mgomba. Mgongo wa koti lako, nadhani, ulikatwa nyuzi zikisimama wima, na mikono iliponyooshwa ikauvuta kwa upana, yaani pale pale penye udhaifu.

Safari nyingine, kipande cha juu ya mgongo kikate peke yake, nyuzi zilale kutoka bega hadi bega. Kabla ya kuunganisha, kila kipande kipigie bandi juu ya pamba nyepesi, ili pamba ndiyo ibebe mvuto wote na lubugo ibaki kuwa uso wa vazi. Tumia sindano nyembamba na mpya, na hatua ndefu za milimita 3 au 4, kwa maana hatua fupi hutoboa matundu yaliyosongamana na mshono ukachanika kama stempu. Usishone na kufumua, kwani tundu la sindano halizibiki. Mwambie mteja pia kwamba vazi hilo halifuliwi. Hupigwa brashi laini na kuanikwa kivulini.

Kuhusu asili, nakusihi usiwe na hofu. Kilichotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na kuingizwa katika orodha yake ya urithi mwaka 2008, ni ufundi wenyewe wa kutengeneza lubugo, ambao katika Buganda umeshikiliwa na ukoo wa Ngonge, na bitana haiugusi ufundi huo. Jose Hendo, mbunifu mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, huitumia lubugo pamoja na vitambaa vingine vilivyokwisha kutumika, na binafsi naona mavazi ya namna hiyo yanawapa watengenezaji sababu ya kuendelea kupanda mituba.

Koti hilo bado linaokoleka. Gome likiwa na tundu, watengenezaji wenyewe hulitia kiraka cha lubugo na kukishona kwa uzi wa rafia (nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mitende). Tia pamba nyuma ya mpasuko, kisha weka kiraka kirefu kinachovuka mabega yote mawili, nyuzi zikilala, ukishone kwa mkono na uzi huo huo wa rafia, uonekane.