Programu za Kuhariri Video na Kutengeneza DVD kwa Mfuko Mdogo

Vijana wanaoanza kupiga video za sendofu na kichenpati hapa Dar huniuliza wanunue programu gani. Huwa nawarudishia swali: kompyuta yako ina RAM kiasi gani?

Kama ni laptopu ya mtumba ya Kariakoo, GB 8 na haina kadi ya picha ya maana, DaVinci Resolve itakutesa. Programu yenyewe ni nzuri, na toleo la bure linatoa video hadi za 4K. Sioni sababu ya mpiga harusi kulipia Studio, toleo lake la kulipia la dola 295. Ila inataka mashine yenye misuli. Ukiilazimisha, picha itakwama kila sekunde huku bibi harusi anapiga simu.

Kwa mashine ya kawaida natumia Shotcut. Ni ya bure, haibandiki nembo yake kwenye kazi ya mteja, na ina proksi: inatengeneza nakala nyepesi za klipu zako, unakata na kupanga kwa hizo, kisha wakati wa kutoa video inachukua zile halisi. Sura yake haivutii, nakubali. Lakini kukata, kuunganisha, kurekebisha rangi na sauti inafanya, na kazi ya harusi kwa kiasi kikubwa ndiyo hiyo.

Premiere (programu ya kuhariri ya Adobe) za kukraki zinazozunguka kwenye flashi achana nazo. Wanakuambia uzime kwanza antivairasi, halafu kwenye diski hiyohiyo kuna harusi za watu. Ya halali inalipiwa kwa dola kila mwezi, na bado haikutengenezei DVD yenye menyu. Encore, programu yao ya kutengeneza DVD, Adobe waliishia nayo kwenye toleo la CS6.

Ndiyo, DVD. Mjini wanataka linki ya WhatsApp, lakini wazee wengi, hasa wa mikoani, wanataka kitu cha kushika, chenye kasha na picha ya maharusi. Hapo nahamia DVDStyler, nayo ya bure. Ukianza mradi mpya inakuuliza mambo machache, usiyapite haraka. Kwenye mfumo wa picha za TV chagua PAL, ndiyo ya kwetu. NTSC ni ya Marekani na Japani. Upana weka 16:9. Ukubwa wa diski weka GB 4.7, na bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde ya video) iache otomatiki.

Sasa piga hesabu. Nafasi ya GB 4.7 inagawanywa kwa urefu wa video. Saa moja inapata karibu ubora wote ambao DVD inauruhusu. Saa mbili zinapata kama megabiti 5 kwa sekunde, bado inapendeza. Ukishindilia saa tatu, wakina mama wakianza kucheza, vitenge vyao vinageuka vijisanduku. Gawa diski mbili: ibada kwake, ukumbi kwake. Na kwa kuwa DVD ya PAL ni pikseli 720 kwa 576 tu, mteja wa DVD peke yake hana haja ya kurekodiwa kwa 4K.

Kuchoma nachoma kwa kasi ndogo, kisha naijaribu diski kwenye deki kuukuu kuliko zote nyumbani, maana kompyuta husoma hata ile ambayo deki itaikataa. Na kama unatumia kompyuta ya mezani, angalia yuniti za LUKU kabla ya kubonyeza. Umeme ukikatika katikati, diski hiyo ni ya kutupa.