Re: Kukaa Hoi An miezi mitatu na watoto, inawezekana?
Dada inawezekana kabisa, viza ya mtandaoni ya Vietnam inaenda mpaka siku 90 tangu Agosti 2023, ila kila mtoto anaombewa ya kwake. Angalia sana miezi, nendeni kati ya Februari na Agosti, manake Oktoba na Novemba mto Thu Bon ukifurika watu wanapita mitaa ya mji wa kale kwa mitumbwi, na watoto wadogo hapo ni mateso jamani. Pangeni An Bang, ni ufukweni na mjini mnafika kwa baiskeli katikati ya mashamba ya mpunga. Kama hamli nguruwe, cao lau, zile tambi za hapo zenye nyama ya nguruwe, muiache, ulizieni com ga, wali wa manjano na kuku wa kuchambuliwa, watoto watasafisha sahani.