Blenda imefika na ufa, muuzaji hataki kuipokea

Dada, pole. Umeuliza ufanye nini na blenda uliyoagiza mtandaoni, ikakufikia Umoja, Nairobi, jagi lina ufa, na muuzaji anakujibu "bidhaa ikishauzwa hairudi". Maneno hayo yamejaa kwenye risiti za mjini, lakini hayafuti Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayomtaka muuzaji akupe kitu chenye ubora unaofaa.

Hiyo selotepu juu ya selotepu uliyosema iko kwenye boksi ndiyo inanitia shaka. Huenda mteja mwingine alishairudisha. Chungulia chini ya visu: mimi niliuziwa "mpya", nikakuta karoti imekaukia kwenye mpira. Kiwandani hawasagi karoti.

Usiiwashe hata mara moja. Piga picha za ufa, boksi na stika ya mzigo, kisha mwandikie muuzaji, usimpigie simu tu, utaje siku ulipoipokea na unachotaka: nyingine nzima au pesa zako. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Mimi ningempa siku saba.

Akiendelea kuringa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na si lazima uwe na wakili. Mara nyingi wakisikia tu unaelekea huko, wanalegea.

Siku nyingine, mtu wa boda akileta mzigo, ufungue mbele yake kabla ya kulipa. Atanung'unika kwamba anangojewa Kayole, mwache anung'unike.