Maji baridi yananikata pumzi, niendelee?

SWALI: Daktari, shikamoo. Tangu nianze kuoga maji baridi alfajiri nachangamka kweli, ila yakinigusa mgongoni pumzi hunikatika na kifua hubana. Niendelee?

JIBU: Marahaba. Pumzi kukatika ni mshtuko wa baridi kwenye ngozi. Moyo hudunda kasi, presha hupanda, kisha hali hutulia. Kifua kubana ndiko kunakonitia wasiwasi. Acha kwanza, ukapimwe moyo na presha, tafadhali usichelewe.

Ukionekana mzima, oga maji ya moto kisha malizia na baridi sekunde 30, ukianzia miguuni. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2016 ulitumia mtindo huo: siku za kukosa kazi kwa ugonjwa zilipungua asilimia 29, ingawa siku zenyewe za kuugua hazikupungua. Waliovumilia sekunde 90 hawakufaidi zaidi, basi usijitese.