Jibu: Replicas huipati chini ya jina la Gary Numan?

Habari mkuu. Umesema umetafuta albamu ya Replicas kwa jina la mwanamuziki Mwingereza Gary Numan na hauioni. Angalia kwanza jina la bendi: albamu hiyo ilitoka 1979 kama kazi ya Tubeway Army. Mwimbaji na mtunzi ni yeye yule. Mwaka huohuo akatoa The Pleasure Principle kwa jina lake mwenyewe. Mimi pia niliikosa hivyohivyo, mpaka nilipopanga nyimbo zangu kwa mwaka badala ya msanii.

Ukizipata, zisikilize mfululizo, utamu uko hapo. Jamaa aliingia studio kurekodi panki (roki ya kasi na kelele), akakuta sinthesaiza ya Minimoog, yaani kinanda cha kielektroniki, imeachwa pale, akaibonyeza, na mambo yakabadilika. Replicas bado ina gitaa la umeme, ya pili haina kabisa. Kwenye "Cars", wimbo wa hiyo ya pili, anamaliza kuimba mapema, kisha anaviachia vinanda viende vyenyewe hadi mwisho. Naipenda sana sehemu ile.

Usiishie miaka hiyo, tafadhali. Aliaga maonyesho Wembley 1981, lakini alirudi, na 2017 albamu yake Savage ilifika nafasi ya 2 kwenye chati ya albamu Uingereza.